Mwalimu wa Uniontown na Kipande cha Gazeti

Asubuhi ya siku ya shule katika jimbo la Kansas huanza gizani, hasa wakati wa baridi. Kabla jua halijachomoza, mabasi ya rangi ya manjano huwa yamekwisha washa taa, nayo huenda polepole katika barabara za changarawe, yakisimama kwenye lango la shamba hili na lango la shamba lile kuwachukua watoto. Wengi wa watoto hao wamekwisha fanya kazi kabla ya kupanda basi: wamewapa ng'ombe nyasi kavu, wamevunja barafu iliyofunika maji ya mifugo, wamebadili viatu. Wengine hawangoji basi. Sheria ya Kansas humruhusu mtoto wa shamba aliyetimiza miaka 14 kupata cheti cha kuendesha gari kwa kazi za shamba na kwa kwenda shule, na kwa hiyo si ajabu kumwona kijana asiye na ndevu hata moja akishuka katika gari la mizigo la baba yake, vitabu kwapani.

Hata rangi ya mabasi hayo ina historia yake. Zamani kila wilaya ya Marekani ilipaka mabasi yake rangi iliyoipenda. Mwaka 1939 bwana mmoja mwalimu, Frank Cyr, mzaliwa wa Nebraska, jimbo linalopakana na Kansas, aliwaita wataalamu New York, wakapatana rangi moja ambayo dereva mwingine angeiona upesi alfajiri na jioni. Manjano ile ndiyo iliyochaguliwa, na imedumu mpaka leo.

Mwisho wa safari ya mabasi hayo, kusini mashariki ya Kansas, ni kijiji kiitwacho Uniontown. Kipo katika wilaya ya Bourbon, karibu na mpaka wa Missouri, nacho hakina watu 300. Mji ulio karibu ni Fort Scott, ngome ya askari iliyojengwa mwaka 1842, ambako pia alizaliwa Gordon Parks, Mmarekani mweusi aliyekuwa mpiga picha mashuhuri. Mtu atakaye kuona maghorofa marefu hana budi kusafiri kama maili 90 kutoka Fort Scott kwenda kaskazini, mpaka Kansas City. Nchi yote ya hapo katikati ni malisho, mahindi na soya. Sehemu hiyo ya Marekani huitwa Magharibi ya Kati, na wenyeji wake husifiwa kwa kutosema mengi.

Shule ya sekondari ya kijiji kama hiki ni kubwa kuliko kijiji chenyewe, maana watoto wake hutoka mashamba ya pande zote. Mwaka 1963 baraza la kutunga sheria la Kansas lilipitisha sheria ya kuunganisha shule ndogo ndogo, na vijumba vingi vya chumba kimoja, ambamo mwalimu mmoja alifundisha watoto wa kila umri, vikafungwa. Wazee wengine walilia, kwa kuwa kijiji kilichopoteza shule kilipoteza na duka, kisha na posta. Vijiji vilivyobaki na shule vikaishika kama mtu ashikavyo ng'ombe wake wa mwisho. Halmashauri ya shule huchaguliwa na wananchi wenyewe, na sehemu ya fedha zake hutoka katika kodi ya mashamba na nyumba, hata mkulima anayekutana na mwalimu dukani huona ana haki ya kumwuliza habari za kazi yake.

Mwalimu wa shule ya namna hii hawezi kuwa mtu wa somo moja. Kengele hulia saa mbili hivi asubuhi, na tangu hapo mpaka alasiri darasa moja likitoka jingine huingia: historia ya Marekani, kisha historia ya ulimwengu, kisha mambo ya serikali, kisha kitu kingine ambacho halmashauri haikupata mtu wa kukifundisha. Wanafunzi wake wana miaka 14 mpaka 18. Anawajua wote kwa majina, na mara nyingi aliwafundisha kaka zao, na kama amekaa sana, mama zao pia. Wakati wa chakula atasimama ukumbini kuangalia watu wasirushiane viazi. Jioni huenda akawa mkufunzi wa mbio au mwangalizi wa mchezo wa kuigiza, na Ijumaa usiku wa majira ya mavuno atakuwa langoni mwa uwanja akiuza tikiti za mpira. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, ambao huitwa wa miguu lakini huchezwa zaidi kwa mikono, na usiku huo hakuna mtu anayebaki nyumbani ila mgonjwa.

Vituko havikosekani. Mwezi wa Aprili na Mei ni majira ya chamchela kubwa za Kansas, zile ziwezazo kung'oa nyumba na kuitupa upande wa pili wa barabara. King'ora kikilia, mwalimu huacha sentensi yake katikati, huwatoa watoto katika chumba chenye madirisha, na wote hupiga magoti ukumbini wakielekea ukuta, mikono juu ya vichwa. Mara nyingi ni zoezi tu. Mara nyingine siyo zoezi, na mwalimu huyo huyo aliyekuwa akieleza katiba ya nchi huhesabu vichwa tena na tena mpaka upepo upite. Wakati wa baridi huja theluji, mabasi hayawezi kupita, na shule hufungwa. Watoto hufurahi, naye mwalimu huanza kuhesabu, kwa sababu sheria ya Kansas hutaka siku 186 za masomo kwa mwaka au saa zinazolingana nazo. Tena kuna chama cha vijana wakulima wavaao koti la buluu, kilichoanzishwa Kansas City mwaka 1928. Siku ya maonyesho ya wilaya, nusu ya darasa huwa haipo. Imekwenda kuogesha ndama.

Katika shule ya Uniontown alifundisha Bwana Norman Conard, mwalimu wa historia na mambo ya jamii. Hakuwa mtu wa kutoa hotuba ndefu na kuwataka watoto wazikariri. Alipenda kuwapa kazi ya kutafuta wenyewe, na kwa kazi hiyo alilitumia shindano liitwalo Siku ya Historia ya Taifa. Shindano hilo lilianzia Cleveland, Ohio, mwaka 1974, likaenea nchi nzima. Mwanafunzi huchagua jambo la historia, hulichungua kwa muda wa miezi, kisha huleta matokeo kwa insha, au maonyesho, au filamu, au mchezo wa kuigiza usiozidi dakika 10. Wanaoshinda wilayani huenda jimboni, na wanaoshinda jimboni huenda Chuo Kikuu cha Maryland mwezi wa Juni kushindana na majimbo mengine yote. Kanuni moja ni kali: kazi lazima iwe ya wanafunzi wenyewe. Mwalimu anaruhusiwa kuuliza maswali na kuelekeza njia, lakini haruhusiwi kuwaandikia. Kwa walimu wengi hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu ni rahisi zaidi kufanya kazi mwenyewe kuliko kumtazama mtoto akikosea.

Mwalimu wa Uniontown alikuwa na sababu nyingine pia. Wilaya yake ilikuwa ya watu wa namna moja: wakulima na wafanya kazi weupe, Wakristo, wengi wao wasio na mali. Shuleni hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja wa Kiyahudi, na watoto wa rangi nyingine walikuwa wachache mno. Mtoto angeweza kumaliza masomo bila kukaa meza moja na mtu asiyefanana naye. Bwana Conard aliona kwamba kama watu wa mbali hawaji Uniontown, basi wanafunzi wawafuate huko huko kwa njia ya karatasi.

Mwezi wa Septemba 1999 wasichana watatu, wawili wa darasa la kwanza la sekondari na mmoja wa darasa la tatu, walitafuta jambo la kuchungua. Mwalimu alikuwa na kasha la makaratasi na vipande vya magazeti alivyovikata na kuviweka miaka mingi, kama walimu wengi wafanyavyo, bila kujua kitafaa lini. Akatoa kimoja cha mwezi wa Machi 1994, kutoka katika gazeti la U.S. News & World Report. Kilitaja watu waliowaokoa Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke wa Polandi, Irena Sendler, ambaye, kwa maneno ya gazeti, aliwatoa watoto karibu 2,500 katika mtaa wa Wayahudi wa Warsaw.

Mwalimu hakuwahi kumsikia mtu huyo. Ile filamu iliyotangaza habari za Oskar Schindler ilikuwa imetoka mwishoni mwa mwaka 1993, na Schindler aliokoa watu zaidi ya 1,000 kidogo. Ingewezekanaje mtu aliyeokoa mara mbili yake asijulikane na mtu yeyote? Bwana Conard akawaambia wasichana wake kwamba huenda ni kosa la mpiga chapa. Labda ilikuwa 250, na sifuri moja ikazidi. Akawaagiza wakahakikishe.

Hapana shaka mwalimu mwingine angalikisoma kile kipande, angalistaajabu, angalikirudisha kashani. Mwingine angaliwaambia watoto wakiandike kama kilivyo, maana kimechapishwa. Bwana Conard aliwapa watoto shaka yake mwenyewe kuwa kazi ya kufanya, na shaka hiyo ikawa mwanzo wa safari ya miaka.

Wasichana wakaanza na maktaba. Hawakupata kitu. Wakatafuta katika intaneti, ambayo siku hizo ilikuwa ngeni katika shule za mashamba, wakapata mahali pamoja tu palipotaja jina lile. Wakasoma vitabu vya vita, wakawaandikia watu waliookoka, wakawasiliana na shirika la New York linalowasaidia watu waliowaokoa Wayahudi. Walikuwa wamekata shauri kwamba mwanamke aliyekuwa mtu mzima mwaka 1940 amekwisha kufa, kwa hiyo wakatafuta kaburi lake, ili wapate tarehe ya kuandika mwishoni mwa kazi yao. Jibu likaja kwamba hana kaburi. Yu hai, ana miaka karibu 90, anakaa Warsaw, na anuani yake ni hii.

Msomaji aliyewahi kungoja barua ya mbali atafahamu yaliyotokea baadaye. Wasichana wa miaka 14 na 16, ambao hawakuwahi kuvuka bahari, walikaa wakaandika barua kwa bibi wa Warsaw, wakamweleza wao ni nani na wanafanya nini, wakampelekea maneno ya mchezo waliokuwa wakiutunga. Kisha wakangoja. Jibu lilipofika lilikuwa kwa Kipolandi, na katika Uniontown nzima hapakuwa na mtu wa kulisoma. Ikabidi atafutwe Mpolandi aliyekuwa akisoma chuoni, naye akawatafsiria. Bibi aliwaandikia kama bibi awaandikiavyo wajukuu zake, akawaeleza habari kwa kirefu. Barua nyingine zikafuata, na kila moja iliongeza jambo ambalo hakuna kitabu cha Kansas kilichokuwa nalo.

Mambo yenyewe ni haya. Irena Sendler alizaliwa tarehe 15 Februari 1910. Baba yake alikuwa daktari mjini Otwock, aliyewatibu maskini, wakiwamo Wayahudi ambao madaktari wengine hawakuwataka. Mwaka 1917 akafa kwa homa ya taifasi aliyoambukizwa na wagonjwa wake. Binti alipokua akaajiriwa katika idara ya msaada wa maskini ya mji wa Warsaw. Mwezi wa Novemba 1940 Wajerumani waliokuwa wakiitawala Polandi waliwafungia Wayahudi wa mji huo nyuma ya ukuta, watu zaidi ya 400,000 katika mahali padogo. Njaa na taifasi vikaanza kuwaua. Wajerumani wenyewe waliogopa ugonjwa huo, na kwa kuuogopa wakawaruhusu wafanya kazi wa afya wa Kipolandi kuingia. Bi Irena akapata cheti cha kupita. Alipokuwa ndani alijifunga kitambaa chenye nyota, alama waliyolazimishwa Wayahudi, ili asitofautiane na watu aliowaendea.

Yeye na wenzake, wengi wao wanawake, walianza kwa kuingiza chakula na dawa. Baadaye wakaanza kutoa watoto. Tarehe 22 Julai 1942 Wajerumani walianza kuwapakia watu katika magari ya moshi kuwapeleka Treblinka kuuawa, na kwa muda usiotimia miezi miwili watu kama 265,000 wakachukuliwa. Sasa hakukuwa na nafasi ya kufikiri. Watoto walitolewa ndani ya gari la wagonjwa, ndani ya magunia, ndani ya masanduku. Wengine walipitishwa katika jengo la mahakama lililokuwa na mlango upande huu wa ukuta na mlango upande wa pili. Mtoto mchanga, Elżbieta, alitolewa katika sanduku la vyombo vya useremala, na pamoja naye kijiko cha fedha kilichochorwa jina lake na siku aliyozaliwa.

Kazi ngumu kupita zote haikuwa ukutani, ilikuwa mlangoni mwa nyumba. Mama aliulizwa kama atampa mtoto wake mwanamke asiyemjua. Mama aliuliza naye: je, una hakika mtoto atapona? Bi Irena hakuweza kusema ndiyo, kwa kuwa hakuwa na hakika hata ya kuvuka lango jioni ile. Wengine walikataa. Wengine walikubali, na wengi wa waliokubali hawakuonekana tena.

Watoto walipewa majina mapya, wakafundishwa sala za Kikatoliki ili wasitambulikane, wakafichwa katika nyumba za watu na nyumba za watawa. Ili siku moja warudishiwe jina na ukoo, Bi Irena aliandika katika karatasi nyembamba jina la kweli la mtoto na jina la kuficha, na orodha hiyo ikazikwa katika bustani ya rafiki yake. Mwezi wa Oktoba 1943 polisi wa siri wa Kijerumani walibisha nyumbani kwake. Orodha ilikuwa mle mle ndani. Rafiki yake aliyekuwapo akaificha katika nguo zake za ndani, wala haikuonekana. Bi Irena alipelekwa gereza la Pawiak, akateswa sana, asitaje mtu. Akahukumiwa kufa. Chama cha siri cha Żegota, kilichoundwa mwishoni mwa 1942 kuwasaidia Wayahudi, kikamhonga Mjerumani mmoja, naye akatolewa. Mpaka vita vilipokwisha aliishi kwa jina la uongo, kama watoto wake.

Kuhusu ile hesabu iliyomtia shaka mwalimu, haifai kuificha. Idadi ya 2,500 imerudiwa mara nyingi, na kwa kawaida huwekwa juu ya mtu mmoja, ingawa Bi Irena mwenyewe kila mara alisisitiza kwamba hakufanya peke yake, na hakupenda kuitwa shujaa. Mwaka 2017 mwandishi wa Kipolandi, Anna Bikont, alitoa kitabu cha maisha yake kilichoipima hesabu hiyo upya na kuonyesha kwamba ni vigumu kuithibitisha, na kwamba hata habari ya chupa zilizozikwa imesimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Lakini hakuna anayekana kwamba aliwaokoa watoto wengi, wala kwamba alihukumiwa kufa kwa ajili hiyo. Mwaka 1965 Yad Vashem, taasisi ya ukumbusho ya Yerusalemu, ilimwandika miongoni mwa watu wa mataifa mengine waliowaokoa Wayahudi. Nchini kwake, chini ya serikali ya Kikomunisti, jambo hilo halikutangazwa sana, na jina lake halikusikika nje ya wachache.

Wasichana wa Uniontown waliyapanga hayo yote katika mchezo wa dakika 10 wakauita Life in a Jar, maana yake uhai ndani ya chupa. Msichana wa nne akajiunga nao. Katika mwaka 2000 waliushinda mtihani wa jimbo la Kansas, wakaenda Maryland kwa shindano la taifa. Kwa kawaida mambo huishia hapo: wanafunzi hurudi nyumbani, mavazi hurudishwa kwa wenyewe, na mwaka unaofuata kuna kazi nyingine. Safari hii makanisa na vyama vya pale wilayani vikataka kuuona mchezo. Kisha miji ya jirani. Ukaonyeshwa tena na tena, na mara nyingi chupa tupu iliwekwa mlangoni ili watazamaji watie chochote cha kumsaidia bibi wa Warsaw. Watu wa Magharibi ya Kati, wasiosema mengi, walitoka ukumbini wakipangusa macho, wakatia fedha.

Kwa mwalimu mambo haya hayakuondoa kengele ya saa mbili. Mchezo uliochezwa mji wa mbali Jumapili usiku ulifuatwa na darasa la historia Jumatatu asubuhi, na mitihani ya wanafunzi wengine wote ambao hawakuwa na habari na Warsaw ilisahihishwa vile vile. Gari lilihitaji dereva, wazazi walihitaji kuarifiwa, barua zilihitaji majibu.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuweza kungoja likizo. Bibi alikuwa na miaka 90 na zaidi, na wasichana walitaka kumwona kwa macho yao. Nauli ya kwenda Polandi si fedha ambayo mkulima wa wilaya ya Bourbon huwa nayo mfukoni. Mwanzoni mwa 2001 mtu mmoja wa Kansas City, Myahudi mwenye shughuli za elimu na biashara, aliuona mchezo, akawauliza watoto kama wana mpango wa kwenda. Wakamwambia wanachangisha, lakini bado sana. Alifahamu hesabu ya miaka ya bibi kama wao walivyoifahamu. Muda wa siku moja hivi alikuwa amekwisha zipata fedha kwa rafiki zake.

Mwezi wa Mei 2001 wasichana, mwalimu wao na baadhi ya wazazi walifika Warsaw. Watoto waliotoka kijiji kisicho na watu 300 walikuta waandishi wa magazeti wakiwangoja. Mlango wa nyumba ya bibi ulipofunguliwa, walimkuta mwanamke mfupi, mzee sana, ameketi kitini, mwenye uso wa mviringo na macho ya mtu anayecheka upesi. Hapakuwa na hotuba. Walimkumbatia, na kwa muda mkalimani hakuwa na kazi. Huko huko walikutana na Bibi Elżbieta Ficowska, mtu mzima sasa, yule yule aliyetolewa katika sanduku la vyombo vya useremala. Baada ya vita orodha ile ilikabidhiwa halmashauri ya Wayahudi, na baadhi ya watoto walirudishiwa watu wao. Wengi hawakuwa na mtu wa kurudishiwa.

Magazeti ya Polandi yaliandika safari ile, kisha ya nchi nyingine, na Wapolandi wengi walipata habari za Bi Irena kwa mara ya kwanza kutokana na wanafunzi wa Kansas. Mwaka 2003 alipewa nishani ya Tai Mweupe, iliyo kubwa kupita zote katika Polandi. Mwaka 2007 jina lake lilipelekwa kwa ajili ya Tuzo ya Amani ya Nobel, ingawa hakuipata. Mwaka 2009 filamu ya maisha yake ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani.

Bwana Conard aliendelea kufundisha Uniontown mpaka mwaka 2007. Mwaka huo yeye na tajiri Lowell Milken walianzisha mjini Fort Scott taasisi ya kuwasaidia wanafunzi kutafuta habari za watu waliotenda mema makubwa wasijulikane. Miongoni mwa waliotafutwa ni Ken Reinhardt na Ann Williams, wanafunzi weupe wa Little Rock, Arkansas, waliomfanyia wema Elizabeth Eckford mwaka 1957, wakati alipokuwa mmoja wa wanafunzi tisa weusi wa kwanza kuingia shule yao, na wengi shuleni humo hawakutaka hata kumtazama.

Wanafunzi wa Uniontown walirudi Warsaw mara kadhaa. Wale wa kwanza walikuwa wamekwisha maliza sekondari na kwenda vyuoni, na katika mchezo nafasi zao zilichukuliwa na wadogo zao, lakini barua hazikukatika. Bi Irena alikuwa sasa akitunzwa katika nyumba ya wazee ya watawa, na kila walipokuja aliwauliza habari za masomo yao na za wazazi wao, akitaja majina. Mara ya mwisho walimwona mwanzoni mwa Mei 2008. Alikuwa mdhaifu, lakini aliongea. Tarehe 12 ya mwezi ule ule alifariki, mwenye miaka 98, na habari ikafika Kansas wakati wa kufunga shule, wakulima wakiwa mashambani wakipanda.